Rangi Si Ukarabati: Tamko la Wapangaji wa Raskazone Kuhusu Nyumba Zisizofaa Kukaliwa



Sisi wapangaji wa Raskazone, kupitia chama chetu, tumekutana na kusikilizana, na tunatoa tamko hili kwa kauli moja. Jambo letu ni hili: wengi wetu tunalipa kodi ya nyumba ambazo, kwa sheria za nchi hii, hazikustahili kupangishwa zikiwa na hali zilizo nazo. Kila tukilalamika tunaambiwa tupake rangi. Tumepaka, tumerudia, na maji yameendelea kuingia.

Tamko hili halikuja kuwagombanisha watu. Wenye nyumba wetu wengi ni majirani zetu. Tunaswali nao, tunazikana, watoto wetu wanakaa dawati moja. Wapo waliojenga kwa kiinua mgongo, wapo wajane ambao chakula chao ni kodi ya vyumba viwili vya uani. Tunawaheshimu, na kwa heshima hiyo tumeona tuseme wazi mbele yao, tusiendelee kunong'onezana kwenye foleni ya maji.

Raskazone ni rasi, na jina lake lenyewe linasema hivyo. Bahari imeukumbatia mtaa huu, na upepo wa chumvi hauna msimu: kusi inauleta, kaskazi inauleta. Bati jipya linaanza kutoboka kwenye misumari kabla mwenyewe hajamaliza kulipa mkopo aliolinunulia. Bawaba za milango zinakwama. Nyavu za madirisha zinakatika ukizigusa kwa kidole. Hayo ni mambo ya pwani, na mtu wa pwani amezaliwa nayo. Tunalolisema sisi liko ndani ya kuta.

Nyumba za zamani za ukanda huu zilijengwa kwa mawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Ukipigwa plasta ngumu ya saruji juu yake, kama walivyofanya wengi ili nyumba ionekane ya kisasa, unyevu unaoingia hauna pa kutokea. Unapanda taratibu kutoka chini, unabeba chumvi, na chumvi hiyo inaisukuma plasta hadi inatoka kama maganda. Vyumba vipya vya uani vina ugonjwa wao mwingine. Vingi vimejengwa kwa haraka, na mchanga wa baadhi yake ulichotwa ufukweni bila kuoshwa. Chumvi iliyomo ndani ya zege hula nondo, nondo yenye kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Fundi yeyote mzoefu hapa Tanga ataeleza hivyo hivyo. Rangi haitibu lolote kati ya hayo mawili. Inayaficha kwa miezi mitatu au minne, na miezi hiyo inatosha kabisa kumpata mpangaji na kuchukua kodi yake ya mwaka.

Turuhusuni tuwaingize kwenye chumba kimoja. Mwanachama wetu mmoja, mama wa watoto wawili anayekaanga mihogo na bagia asubuhi, alipanga chumba cha uani mwezi wa Januari. Ilikuwa kaskazi, jua kali, kila kitu kikavu. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi ya maziwa, bado kinanukia. Dalali alimharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa taslimu. Mama akakusanya mchezo wake, akakopa kwa dada yake, akalipa miezi kumi na miwili, na mwezi mmoja zaidi wa dalali.

Mwishoni mwa Machi masika yakaingia. Tulipokwenda kumtembelea, ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa umevimba malengelenge. Mmoja wetu alibonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba: likapasuka, na unga mweupe wa chumvi ukamwagika sakafuni. Tulisogeza kabati. Nyuma yake ukungu mweusi, ule ambao wengi tunauita fangasi, ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi kimo cha godoro wanalolalia watoto. Juu ya mlango kipande cha zege kilikuwa kimedondoka na nondo mbili zilionekana, nyekundu kwa kutu, zikichuruzika maji. Chini yake palikuwa na ndoo ya lita ishirini. Mama alituambia usiku wa mvua kubwa huimwaga mara tatu. Mtoto wake mdogo alikohoa muda wote tuliokuwa mle ndani.

Tulimuomba mkataba. Aliutoa kwenye mfuko wa nailoni: karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, yenye jina lake, kiasi alicholipa, tarehe, sahihi mbili, na sentensi moja iliyopigiwa mstari kwamba kodi ikishalipwa hairudishwi. Kuhusu paa, ukuta, choo na umeme hapakuwa na neno hata moja. Alipompigia simu mwenye nyumba aliambiwa, "Nunua rangi mama, paka, tutakatana kwenye kodi ijayo." Akanunua ndoo mbili kwa pesa yake.

Mama huyu anaamini hana haki yoyote kwa sababu karatasi yake haikuandika haki yoyote, na wapangaji wengi wa mji huu wanaamini hivyo hivyo. Si kweli.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika 2001, ina sehemu nzima inayohusu pango. Kifungu cha 88 kinaeleza ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa kwa mpangaji hata kama mkataba haukuzitaja. Mojawapo ni kwamba nyumba, fleti au chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku pango linapoanza, na kwamba kitatunzwa kiendelee kufaa hadi pango litakapokwisha. Tunaomba kila mpangaji aisome ahadi hiyo mara mbili. Siku ya kwanza, na siku zote zinazofuata. Rangi ya Januari inaweza kupita kwenye nusu ya kwanza ya ahadi hiyo. Haiwezi kupita kwenye nusu ya pili.

Kifungu hicho hicho kinasema kwamba anayepangisha sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa vyumba vyetu vya uani, ndiye anayebeba jukumu la paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote. Choo cha pamoja kikifurika, wa kuliita gari la kunyonya ni mwenye nyumba. Wapangaji watano hawapaswi kuchangishana. Kinampa pia mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu muda wote anapolipa kodi na kutimiza masharti. Anayekuja kung'oa mlango au kukata umeme ili mtu ahame kabla ya wakati wake anavunja ahadi yake mwenyewe. Na nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au janga lisilotokana na uzembe wa mpangaji, kodi yote, au sehemu inayolingana na uharibifu, inasimama hadi nyumba itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja.

Wasio na karatasi kabisa nao wasikate tamaa. Pango la mwaka mmoja au chini ya hapo linaweza kufanywa kwa mdomo na likatambulika. Ukilipa, ukapewa funguo, ukaingia na vitu vyako, wewe ni mpangaji mbele ya sheria.

Mpangaji naye ana wajibu wake, na chama chetu hakitamtetea anayeukimbia. Kodi ilipwe kwa wakati. Alichokivunja mpangaji akitengeneze. Mwenye nyumba akitaka kuja kukagua mali yake kwa utaratibu, afunguliwe mlango. Wapo miongoni mwetu wanaotupa nepi za watoto chooni kisha wanalalamika choo kimeziba. Tumelisema hilo kwenye mkutano wetu bila kufichana, na tunalirudia hapa.

Sasa, kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini mama yule analala na ndoo? Jibu letu ni la jambo moja kubwa na mengine madogo yanayolizunguka. Jambo kubwa ni kodi ya mwaka mzima.

Mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi ana sauti. Paa likivuja anasema, asiposikilizwa anahama, na mwenye nyumba anajua chumba kitalala bila mtu. Anayelipa miezi kumi na miwili mkononi ameshatoa kila alichokuwa nacho cha kumfanya asikilizwe. Kuanzia siku ya pili anaomba. Pesa yake imeshakuwa ada ya shule, tofali za nyumba nyingine, au mahari ya kijana. Hata mwenye nyumba mwenye moyo mzuri, akiambiwa Aprili kwamba paa limeoza, hana pesa ya kulitengeneza kwa sababu aliitumia yote Februari. Tumekutana na wenye nyumba wa namna hiyo na tumewaonea huruma. Utaratibu huu unamfunga mpangaji, na mwishowe unamfunga mwenye nyumba pia, huku nyumba yenyewe ikioza.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Baadaye, mwaka 1990, kazi hiyo iliunganishwa na ya Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Mwaka 1984 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba. Kulikuwa na mabaraza ya nyumba ya mikoa, kodi ilikuwa na kiwango, na mpangaji alikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko linalohusu nyumba tu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Hatuombi irudi kama ilivyokuwa. Wazee wetu wanakumbuka majengo ambayo kodi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyejali kuyatengeneza, na yakachakaa watu wakiwa ndani. Lakini ilipofutwa, kinga zake ziliondoka pamoja na viwango vyake, na hadi sasa Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya mwenye nyumba na mpangaji.

Wenzetu wamesogea. Kenya waliandika ahadi hiyo hiyo ya nyumba kufaa kukaliwa kwenye Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012. Uganda walikwenda mbali zaidi: mwaka 2022 walitunga sheria inayowahusu wenye nyumba na wapangaji peke yao, inayokataza kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na kutaka mkataba wa maandishi pango linapofikia shilingi 500,000 za Uganda.

Lakini karatasi peke yake haishikilii zege. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la kupanga liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, na kuua takriban watu 50. Jengo lile lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Wakaguzi walifika, wakaona, wakaandika, wakaondoka; na kodi ikaendelea kukusanywa. Sisi tunaoishi chini ya nondo zilizo wazi hatuwezi kuisoma habari hiyo kama habari ya mbali. Kariakoo nako, tarehe 16 Novemba 2024, Watanzania tulishuhudia jengo likianguka na watu wakiwa ndani. Vyumba vyetu ni vya chini, havina ghorofa kumi. Kipande cha zege cha kilo tatu kikidondoka juu ya kitanda cha mtoto hakihitaji ghorofa kumi.

Na kuna kufa kusiko na kishindo. Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa na ukungu ukutani. Baba alilalamika tangu 2017. Aliambiwa apake rangi. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo ulihitimisha kuwa mtoto alikufa kwa kuuvuta ukungu ule kwa muda mrefu, na nchi nzima ikatikisika. Bunge lao likatunga sheria inayobeba jina la mtoto huyo, inayomlazimisha mwenye nyumba za jamii kushughulikia ukungu na unyevu ndani ya muda uliowekwa. Tulipousoma mkasa huo kwenye mkutano wetu, mama wa mihogo aliinuka akatoka nje. Neno aliloambiwa baba yule ndilo aliloambiwa yeye.

Hatusemi kila kikohozi cha Raskazone kimetoka ukutani. Tunasema mtu mzima anapokuta ukungu mweusi kwenye kimo cha godoro la mtoto, hana haki ya kusubiri daktari athibitishe ndipo ahangaike. Vilevile maji yanayotuama uani na kwenye mashimo yasiyofunikwa yanazalisha mbu. Mwaka 2019 homa ya dengue iliisumbua Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, na hatujaisahau.

Neno kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kwa sababu liliulizwa na karibu kila mtu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye manunuzi ya umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tunawashauri wanachama wetu watunze risiti za LUKU na wakubaliane na wenye nyumba, kwa maandishi, kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango. Ni pesa ndogo, lakini ingetosha kununua misumari na gundi ya kuzibia bati, na haifai mtu alipe kodi ya jengo lisilo lake huku likimvujia.

Kwa wanachama wetu na wapangaji wote wa mji huu, tunasema hivi. Msilipe kabla ya kukagua. Nenda mchana, na ukiweza nenda siku ya mvua. Gusa ukuta chini, karibu na sakafu. Rangi mpya kwenye upande mmoja tu wa chumba ina habari ya kukueleza. Angalia dari kwenye pembe. Fungua bomba, vuta maji chooni, washa taa zote. Waulize wapangaji wa vyumba vingine maji huingilia wapi. Uliyoyaona yaandikwe kwenye mkataba, na piga picha kwa simu yako siku hiyo hiyo mbele ya mwenye nyumba.

Kama umeshaingia na nyumba imeharibika, mwandikie mwenye nyumba barua. Simu husahaulika na hukanushwa. Barua yenye tarehe, nakala moja kwako na nyingine ofisi ya serikali ya mtaa, haikanushwi kirahisi. Mweleze kilichoharibika, tangu lini, na unaomba kitengenezwe ndani ya muda gani. Mwite mjumbe aone. Mwite afisa afya. Msiache kulipa kodi kwa uamuzi wenu wenyewe. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona watu wakiponzeka: sheria inayowalinda ndiyo hiyo hiyo inayompa mwenye nyumba haki ya kudai nyumba yake pale kodi isipolipwa, na mtu aliyekuwa na kesi nzuri hugeuka mdaiwa. Tunajua kwamba mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi za viwanja hadi serikali ya wakati ule ikatunga amri ya kuzidhibiti. Waligoma mji mzima kwa pamoja. Mpangaji mmoja anayegoma peke yake kwenye chumba cha uani anatolewa nje Jumatatu.

Njia iliyopo ni hii: lalamiko linapelekwa kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro hii ni kupatanisha. Likishindwa ndani ya siku thelathini, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kutoa amri. Chama chetu kitamsindikiza mwanachama yeyote katika hatua zote mbili, pamoja na kumwandikia barua asiyejua kuandika.

Kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga, tunaomba mtumie mamlaka mliyonayo tayari. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kumtaka mwenye jengo aondoe kero inayohatarisha afya za watu. Maafisa hao tunawaona wakikagua mighahawa na magenge ya chakula, na tunawashukuru. Tunaomba wafike uani pia. Tunaomba kabla ya kila masika wapite mtaa kwa mtaa, wakiongozana na wahandisi wa jiji, waangalie mapaa, mazege na mashimo ya maji machafu, na notisi wanazotoa zifuatiliwe hadi kazi ifanyike. Alama ya rangi nyekundu ukutani isiyofuatiliwa tumeshaona mwisho wake Huruma.

Na afisa akikuta chumba hakifai kabisa, swali lake la kwanza liwe mpangaji atalala wapi usiku huo na kodi yake iliyobaki itarudishwa na nani. Tusipolijibu hilo, kila mpangaji maskini ataendelea kumficha afisa afya kwa hofu ya kutupwa nje, na hatutamlaumu.

Kwa Bunge na Wizara yenye dhamana ya ardhi na nyumba: tungieni sheria ya mwenye nyumba na mpangaji. Iweke ukomo wa kodi inayodaiwa mbele, na sisi tunapendekeza usizidi miezi mitatu. Ieleze nyumba inayofaa kukaliwa ni ipi, kwa sababu Kifungu cha 88 kimetaja neno bila kulifafanua. Maana yetu sisi ni ya kawaida: paa lisilovuja, ukuta usiotoa maji, zege isiyodondoka, choo kisichofurika, waya zisizo wazi, dirisha linalofunguka, mlango unaofungika, na maji ya kutumia yasiyo mbali. Iwasajili madalali, na dalali aliyempeleka mtu kwenye chumba anachokijua kuwa kibovu arudishe udalali wake. Na iandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Mama wa mihogo anasoma Kiswahili vizuri sana. Kinga yake aliandikiwa kwa Kiingereza na akaishi miaka yote bila kujua kwamba ipo.

Wenye nyumba, mmetusikia tukisema mengi kuwahusu, na haya ya mwisho tunayasema kwenu moja kwa moja. Tuko tayari kukaa nanyi. Mwenye nyumba asiye na pesa ya bati aje tukubaliane: wapangaji tununue vifaa, fundi aitwe, gharama iandikwe na ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo, kwa sahihi za pande zote na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Tumeshafanya hivyo kwenye nyumba mbili za mtaa huu na paa zote mbili ni kavu. Tunachokikataa ni ile ndoo ya rangi inayoletwa wiki moja kabla ya mpangaji mpya.

Tanga imezoea kuitwa mji wa waja leo, waondoka leo. Sisi hatuondoki. Tuna kazi hospitalini Bombo, bandarini, sokoni na baharini, watoto wetu wamezaliwa hapa, na hapa ndipo tunapolipia kulala.

Masika huanza Machi. Mwenye nyumba anayelisoma tamko hili wakati jua bado linawaka, tunamwomba aweke ngazi wiki hii, apande juu ya paa lake, kisha ashuke aingie ndani na kusogeza kabati la mpangaji wake.

Limetolewa Raskazone, Jiji la Tanga, na wapangaji wa mtaa huu kwa kauli moja.